Mbwa wa Kizingitini

Watu wa pwani, ambao kwa karne nyingi wamemweka mbwa nje ya nyumba zao, na ambao hata hivyo hawakuweza kulinda shamba la mihogo wala zizi la mbuzi pasipo kumtegemea, wana methali isemayo kuwa mcheza na mbwa humwingia msikitini. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu anayejishusha mno kwa walio chini yake, na mbwa aliyetajwa ndani yake hana habari kuwa ametajwa. Lakini mimi, niliyepata kuishi na mbwa aliyekataa kuachwa peke yake hata kwa muda wa kuchota ndoo moja ya maji kisimani, naisoma siku hizi kwa maana yake ya dhahiri, nami naona kuwa mna swali ndani yake ambalo wahenga hawakulijibu: mbwa aliyekwisha kuzoezwa kuingia kila aingiapo bwana wake, atafundishwaje kubaki mlangoni pasipo kudhani kwamba ametupwa?

Rai yangu, ambayo nimeipata kwa gharama ya mlango mmoja, mikeka miwili na usingizi wa majirani wengi, ni kuwa mbwa anayemganda bwana wake kama ruba hasukumwi na wingi wa mapenzi, husukumwa na uhaba wa amani. Kuwa uhaba huo mara nyingi hutokana na malezi yetu wenyewe. Na kuwa dawa yake haimo katika fimbo, wala katika mnyororo, wala katika kumpa mnyama kisogo ili ajifunze kwa machungu, ila imo katika kumthibitishia, kidogo kidogo na kwa subira kubwa, kwamba kila kuondoka kuna kurudi.

Nakaa Pongwe, kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Muheza, katika nchi ya mkonge na minazi, mahali ambapo tumbili huyahesabu mahindi ya watu kabla wenyewe hawajayahesabu. Katika mwaka ule niliostaafu ualimu, nikiwa na umri usioniruhusu tena kupanda miti, nilianguka kutoka juu ya mwembe nikavunjika mguu. Na katika juma lile lile jirani mmoja, kwa huruma yake, akaniletea mtoto wa mbwa wa majuma sita, mwekundu kama udongo wa kifusi, ili anilindie shamba nitakapopona. Kwa kufuata desturi ya watu wetu ya kumpa mbwa jina lenye ujumbe kwa walimwengu, nikamwita Hayawahusu. Mimi ni mtu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa ni najisi, kwa hiyo sikumwingiza chumbani. Lakini kwa sababu ya joto na ya mguu ule, kitanda changu cha kamba kilikuwa kimehamishiwa kwenye baraza ya uani, na hapo, kwa muda wa miezi minne na nusu, mimi na yule mbwa tulikuwa chanda na pete. Nilipolala, alilala chini ya kamba za kitanda. Nilipojikokota kwa magongo hatua kumi kwenda chooni, alinifuata hatua kumi na kuningoja mlangoni. Na nilipokuwa nikisoma gazeti wakati wa alasiri, ilikuwa sharti mgongo wake uguse tendegu la kitanda. Sikuona ubaya wowote. Mgonjwa hupenda kupendwa, na mtoto wa mbwa hapimi anapopenda.

Siku plasta ilipoondolewa na nikaweza kupanda daladala kwenda mjini, nilifunga mlango wa ua nikaenda zangu, nikarudi baada ya alasiri na kilo moja ya changu na furaha ya mtu aliyerudishiwa miguu yake. Mlango ule wa mbao, uliokuwa umepakwa rangi ya kijani, ulikuwa umekwaruzwa kutoka chini mpaka kiunoni hata mbao nyeupe ikatoka. Mkeka ulikuwa umetatuliwa ukawa ukindu mtupu. Bakuli la ugali na dagaa nililomwachia halikuguswa. Na yule mbwa, mwenye kifua kilicholowa mate na kucha mbili zitokazo damu, alinirukia kwa kilio ambacho sikukitambua kuwa ni cha furaha wala cha ghadhabu. Kabla sijaketi, mwanamke mzee wa nyumba ya pili akapiga hodi.

"Mwalimu, pole na safari, lakini na sisi utupe pole," alisema. "Tangu gari lako lilipoondoka huyu mwanao hakunyamaza. Umemwita Hayawahusu, lakini leo yametuhusu sote mpaka muuza duka."

"Nisamehe, Bi Mkubwa," nilimjibu.

"Nimekusamehe. Ila humlei huyu, unamdekeza."

Neno hilo lilikaa moyoni mwangu kwa siku nyingi, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa lugha na nilihisi kuwa limekaribia kweli bila ya kuifikia. Kudeka, katika lugha yetu, ni kujilegeza mbele ya mtu unayemwamini ili akubembeleze; mtoto hudeka kwa mamaye, mke kwa mumewe na mume kwa mkewe, na sharti la kudeka ni kuwa yule anayedekewa awepo, maana hakuna adekaye mbele ya ukuta. Mbwa wangu hakuwa akidekea mlango. Alilia mbele ya mbao ambazo hazikuwa na mtu nyuma yake, akaacha chakula akipendacho, akajijeruhi kucha ilhali hapana aliyemtazama. Na jambo linalotendwa kwa nguvu kiasi hicho pasipo mtazamaji haliwezi kuwa deko. Ni hofu, na hofu haina mdaawa wa kushitakiwa wala mkosa wa kuadhibiwa.

Nakiri, walakini, kuwa siku ile nilimkemea, nikamwonyesha mlango na kumwonyesha mkeka, naye akalaza masikio, akakunja mkia, akageuza macho pembeni, nikajiambia: kumbe anajua kosa lake. Watu wengi hujiambia hivyo, na wamekosea kama nilivyokosea mimi. Mtaalamu mmoja wa New York, Alexandra Horowitz, alitangaza mwaka 2009 jaribio alilofanya kwa mbwa 14, ambao wenyewe waliwakataza kula kipande cha chakula kisha wakatoka chumbani. Baadhi ya mbwa walikula na baadhi hawakula, na wenyewe waliporudi wakaambiwa mara kweli mara uongo juu ya lililotendeka. Ilidhihirika kuwa ule uso tunaouita uso wa hatia ulifuata makemeo ya bwana, haukufuata kosa la mbwa, na zaidi ya hayo ulionekana kwa nguvu zaidi katika mbwa ambao hawakutenda kosa lolote na wakakemewa. Basi Hayawahusu hakuwa akiungama mbele yangu; alikuwa akinisihi nisimkasirikie, na kwa kumkemea nilimwongezea hofu juu ya hofu, hata kurudi kwangu, jambo alilolilia mchana kutwa, nalo likaanza kumtisha.

Wako wanaodhani kwamba elimu ya mambo haya ni anasa ya nchi za baridi, ambako mbwa hulala juu ya mito ya hariri, na kwamba haituhusu sisi. Kumbe sehemu kubwa ya elimu hiyo ilizaliwa mlangoni petu. Mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954, akawa akizuru nyumba za vijiji vya Buganda vilivyo karibu na mji ule, akiwatazama watoto wachanga 28 pamoja na mama zao, na kitabu alichokitoa kwa uchunguzi huo kilichapishwa mwaka 1967. Aliona jambo ambalo kila bibi wa Kiafrika amepata kuliona bila ya kuliandika: kwamba mtoto mwenye hakika ya mamaye hutambaa mbali naye, hugusa kinu, huchungulia kuku, hugeuka kutazama kama mama yungali pale, kisha huendelea na safari yake, ilhali mtoto asiye na hakika hiyo hushikilia nguo ya mamaye, na hata akipakatwa halizwi na kingine ila wasiwasi wa kuwekwa chini. Aliyekuwa na amani zaidi ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Miaka thelathini na mmoja baada ya kitabu kile, mwaka 1998, wataalamu wa Budapest, József Topál na wenzake, walitangaza matokeo ya mtihani ambao Ainsworth alikuja kuutunga kwa ajili ya watoto, safari hii wakiwa wamewapa mbwa 51 pamoja na mabwana zao katika chumba kigeni. Na mbwa wale nao, bwana alipokuwamo, walicheza na kukagua pembe za chumba kuliko walipokuwa na mgeni, na bwana alipotoka walikwenda kusimama penye mlango.

Faida tunayoipata katika habari hizi mbili ni kubwa, maana inapindua shauri ambalo mwenye mbwa anayemganda hupewa mara nyingi kuliko mashauri yote, nalo ni hili: mwepuke, usimtazame, usimguse, mwache alie mpaka achoke. Shauri hili hudhani kuwa mapenzi yamezidi na yanapasa kupunguzwa kama chumvi katika mchuzi. Lakini kama ni kweli kwamba ujasiri hutoka katika hakika, basi kumnyima mbwa hakika ili apate ujasiri ni sawa na kumnyang'anya kipofu fimbo yake ili ajifunze kuona. Na huko kuchoka kunakosifiwa, pale mbwa anaponyamaza baada ya kulia kwa saa nne, huwa si utulivu. Ni kukata tamaa, na atokaye nyumbani kesho atazikuta saa nne zile zile zikimngoja. Wahenga walisema kuwa mbwa hafi maji akiona ufuko. Hawakusema abebwe mpaka nchi kavu, wala hawakusema atupwe katikati ya mlango wa bahari. Walisema aone ufuko, na akiuona, miguu yake mwenyewe itamfikisha.

Kazi ya kumwonyesha ufuko nilianza kwa gunia la katani. Nililikunja mara nne nikalitandika chini ya mwarobaini, kando ya ua, na kila Hayawahusu alipokanyaga juu yake alipata dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi. Siku mbili hazikupita kabla hajaamua kuwa gunia lile ni mahali pa baraka. Kisha nikapiga hatua moja kurudi nyuma, nikamrudia na dagaa wake akiwa bado amelala, hatua mbili, nikamrudia, hatua tano, nikampa mgongo, nikazunguka pembe ya jiko nisionekane kwa muda wa kuhesabu tatu, nikamrudia. Aliponyanyuka kunifuata sikumgombeza, nilijua kuwa nimekwenda mbali kuliko amani yake, nikapunguza hatua. Hapa ndipo penye siri ya kazi yote: kila mbwa ana mpaka wa hofu yake, na mafunzo yote hufanyika upande wa huku wa mpaka huo, maana upande wa kule mnyama hasikii wala hajifunzi, hata dagaa puani pake huwa kama jiwe.

Lililofuata lilikuwa ni funguo. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya usagaji wa chakula, alionyesha kwa mbwa wake kuwa ishara inayotangulia jambo mara nyingi hugeuka kuwa na nguvu za jambo lenyewe, mate yakatoka kabla ya chakula kuonekana. Na kama mate hutoka kwa ishara, hofu nayo hutoka kwa ishara. Hayawahusu alikuwa haanzi kutetemeka nilipofunga mlango, alianza nilipovaa kofia, akazidi nilipotwaa mkoba, na mlio wa funguo ukammaliza. Nikaanza, basi, kuziharibu ishara hizo maana zake: nikivaa kofia nikaketi kunywa kahawa, nikitwaa mkoba nikaenda nao bandani kuwapa kuku chakula, nikizitikisa funguo mara ishirini kwa siku pasipo kwenda popote, mpaka jirani mmoja akaniuliza kama ule mwembe ulinivunja mguu tu. Mwisho wa juma la pili mlio wa funguo ulimfanya mbwa anyanyue sikio moja, na sikio moja lilikuwa ni ushindi.

Hapo tena ndipo nikaufikia mlango. Nilitoka, nikaufunga, nikahesabu nukta tano, nikaingia bila ya shamrashamra, nikapita kana kwamba nilikuwa nimekwenda kutazama mvua. Nukta tano, kumi, saba, ishirini, kumi na mbili. Sikupanda kwa mfululizo, kwa sababu mbwa aonaye kuwa kila safari ni ndefu kuliko iliyopita hujifunza kuiogopa ijayo. Niliandika yote katika daftari la shule, na leo nikilisoma nacheka kwa aibu na fahari kwa pamoja: mwezi wa kwanza uliishia kwenye dakika mbili, mwezi wa pili kwenye dakika kumi, mwezi wa tatu kwenye nusu saa, na baada ya nusu saa mambo yakafunguka kama fundo lililolegea, hata kufika mwezi wa tano aliweza kukaa asubuhi nzima. Taratibu hii ya kumkaribisha mwenye hofu kwenye jambo aliogopalo kwa kipimo kidogo, akiwa ametulia, ni ile ile iliyopangiwa wanadamu na daktari Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, katika kitabu alichokitoa mwaka 1958. Lakini kwa kweli mpanda ngazi yeyote aliye na akili huijua.

Haikuwa safari bila ya dhoruba. Katika juma la sita palikuwa na harusi kwa jamaa zetu, nami kwa kiburi cha dakika nne zilizofaulu nikamwacha kwa saa mbili. Niliporudi, kazi ya majuma matatu ilikuwa imetawanyika uani pamoja na mkeka wa pili. Tangu siku hiyo niliweka sharti, gumu kuliko yote, kuwa maadamu mafunzo hayajakamilika mbwa asiachwe kamwe kupita kipimo chake. Na hapo nilitambua kuwa ni mtu mwenye majirani tu awezaye kulitimiza. Yule Bi Mkubwa aliyeniletea mashitaka ndiye aliyenipa mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na minne, aketi na mbwa kila nilipolazimika kwenda mjini au kuswali Ijumaa, naye alilipwa kwa maembe ya mti ule ulionivunja mguu.

Kijana huyo alifanya zaidi ya kuketi. Alimchukua Hayawahusu kwenye vijia vya shamba la mkonge wakati wa jua kupungua, akamwacha anuse kila alichotaka kunusa. Alimfichia dagaa ndani ya vitambaa vya gunia vilivyokunjwa, kisha nyuma ya mawe, kisha juu ya kisiki, akamwacha awatafute mwenyewe pasipo kuonyeshwa kidole. Nilikuwa nikidhani kuwa huo ni mchezo tu, mpaka nilipoona kuwa mbwa aliyekuwa akinitazama machoni kwa kila jambo, kama mwanafunzi asiyethubutu kuandika jibu kabla mwalimu hajatikisa kichwa, ameanza kuitazama dunia badala yangu. Kila dagaa aliyempata kwa pua yake mwenyewe lilikuwa ni somo kwamba yako mema yasiyotoka mkononi mwangu. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kumpenda yule kijana, na kumzoea Bi Mkubwa, na kujua kuwa muuza duka hutupa kipande cha mkate, kuondoka kwangu hakukuwa tena kuondoka kwa walimwengu wote.

Wapo wasiohitaji safari ndefu kama hii, nao ni wale watakaoanza mapema. John Paul Scott na John Fuller, waliochunguza mbwa kwa miaka mingi huko Bar Harbor katika jimbo la Maine, Marekani, na kutoa kitabu chao mwaka 1965, walionyesha kuwa kati ya juma la tatu na la kumi na mbili la maisha yake mtoto wa mbwa huwa na mlango uliofunguka wa kuzoea watu, sauti na mahali, na kuwa mlango huo ukifungwa, kuufungua tena ni kazi. Mbwa wangu alitolewa kwa mamaye na ndugu zake akiwa na majuma sita, mapema kuliko ipasavyo, kisha majuma yaliyobakia ya mlango ule akayapitisha pamoja na mtu mmoja asiyetembea. Yaliyonipata mimi kwa mguu uliovunjika yaliwapata wengi duniani mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa maradhi ya korona, wakachukua watoto wa mbwa wa kuwaliwaza, kisha milango ilipofunguliwa wakarudi kazini na kuacha nyuma yao viumbe ambao hawakupata kujua kuwa nyumba inaweza kuwa tupu. Kwa hiyo amchukuaye mtoto wa mbwa leo, hata kama hana pa kwenda, na atoke nje kwa dakika tatu kila siku, amwache na kitu cha kutafuna, arudi. Ni kodi ndogo inayomwepusha na deni kubwa.

Si kila mbwa anayelia, walakini, ana maradhi haya. Yuko anayetafuna viatu kwa kukosa kazi, yuko mdogo ambaye bado hajui kushika mkojo, na yuko mzee aliyeanza ghafla kumfuata bwana wake kwa sababu macho au masikio yamemwishia au ana maumivu asiyoweza kuyasema. Wa namna hii ana haja ya daktari wa mifugo kabla ya mwalimu. Na kwa wale ambao hofu imewazidi kiasi cha kutojifunza kabisa, dawa zipo: Marekani iliidhinisha klomipramini kwa ajili ya mbwa wa namna hiyo mwaka 1998, ikitumiwa sambamba na mafunzo, lakini dawa hutolewa na daktari, haitolewi kabatini mwa bibi.

Najua nitakayojibiwa na watu wa mnyororo. Watasema kuwa mbwa ni wa kulinda, hakuletwa kubembelezwa; kuwa wao huwafungia mbwa wao katika vibanda tangu alfajiri mpaka magharibi, huwafungulia usiku, na hawajapata kusikia habari za upweke. Hawajazisikia kwa sababu hawajasikiliza. Mbwa aliyelelewa kibandani hukiogopa kila kitu kilicho nje ya kibanda, na mwenye hofu si mlinzi: huubwekea upepo, humkimbia mwizi, na humng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto, na katika nchi ambamo kichaa cha mbwa bado kinaua, maradhi ambayo chanjo yake tunayo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtu wa kwanza mwaka 1885 lakini ambayo dalili zake zikishatokea karibu hakuna aponaye, meno ya mbwa mwenye hofu ni msiba unaongoja siku. Mnyororo na mapaja, ingawa hudhaniwa kuwa ni vinyume, hufanya kazi moja: vyote viwili humzuia mnyama asipate kujua kuwa anaweza kusimama kwa miguu yake minne.

Wengine watauliza kama ni insafu kumwandikia mbwa safu nzima ya gazeti ilhali binadamu wana dhiki zao. Nawakumbusha kisa tulichosimuliwa sote tangu chuoni, cha mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake. Kisima hakikukauka kwa wema ule, wala wanadamu hawakukosa maji. Kiumbe tuliyemtoa kwa mamaye kwa hiari yetu, tukamfanya atutegemee kwa kila tonge, ni amana, na mwenye amana hawezi kusema kuwa kilio chake hakimhusu. Nami nilikwisha kulijaribu jina hilo, likanishinda.

Katika sura ya Pangoni mna mbwa mmoja ambaye kila msomaji wa Kurani humpitia. Vijana waliokimbia dhuluma wamelala ndani ya pango miaka mingi, naye amejinyosha kizingitini. Zamani nilidhani kuwa aliwekwa pale kwa sababu mbwa haingii. Siku hizi naona kuwa alikaa pale kwa sababu alitosheka na pale: nyuma yake wako awapendao, mbele yake iko dunia, na hana wasiwasi na upande wowote.

Juzi nilikwenda mjini nikachelewa, nikashuka garini giza likiwa limeingia. Nilisikia vyura, nikasikia redio ya Bi Mkubwa, sikusikia kilio. Mlango wa ua, ambao sijaupaka rangi upya, nilikuta uko wazi, maana kijana alikuwa amekuja kuchukua ndoo yake akasahau kuurudisha. Mbwa angeweza kwenda popote alipotaka, na angeweza kunifuata njia nzima mpaka kituoni. Alikuwa amelala juu ya kizingiti, kidevu juu ya mguu. Alinyanyua kichwa akanitazama, akapiga mkia chini mara mbili, akakirudisha kichwa mahali pake. Nami, kwa mguu ule uliopata kuvunjika, ikanipasa kumruka ili niingie kwangu.